Muyombo Nilioupiga Sabuni

Tata Chinyama,

Nimekalia kiti chako, kile cha kamba. Najua ungeniondoa. Ungesema kiti hiki ni cha mtu aliyekwisha kuchoka, na mi bado sijachoka na kitu. Lakini sasa hakuna wa kuniondoa, na kwa kweli ningependa awepo. Hilo ndilo la kwanza nilitaka kukuambia. La pili ni kwamba maonyesho ya maua yamepita. La tatu nitakuambia polepole, maana ni baya, na aliyelifanya ni mi.

Ninakuandikia Kiswahili cha kitabu, kile cha masta wa misheni, ili usiseme tena kwamba niliacha sekondari mwaka wa pili na kichwa kitupu. Pakinishinda nitaandika kama tunavyosema hapa Kolwezi, nawe utasamehe, maana wewe mwenyewe ulikuwa unaandika jina la mke wako kwa namna tatu.

Habari za hapa. Mbuzi wa jirani aliingia lupango yako, uani, akala mti mmoja, ule mdogo wenye miiba, akaumwa tumbo siku mbili. Kwa hiyo umelipiza hata ukiwa kaburini. Iliyobaki ilikuwa kumi na mmoja, na yote ilikuwa hai, kwa sababu mi nilikuja kila asubuhi kabla ya kufungua kazi, nikaimwagilia kwa kopo la nyanya nililolitoboa matundu. Sokoni bado ninatengeneza baiskeli. Bado mi ndiye fundi wa kwanza. Wengine wapo, lakini wao wanafunga nati, hawatengenezi.

Unakumbuka ulivyokuja mara ya kwanza? Gurudumu la nyuma limekwisha hewa, na kwenye kerea, nyuma ya kiti, umefunga sufuria yenye mti mzima usiofika hata kiwiko changu. Nilikuuliza kama mkeo anaupika na karanga au bila. Watu walicheka. Wewe hukucheka, hukukasirika, ukaniuliza tu kama nina waya wa breki uliochakaa. Wiki iliyofuata ukarudi kuomba waya tena. Na iliyofuata. Nikafikiri mzee huyu anatengeneza mitego ya panya, nikakufuata mpaka nyumbani nikaone. Nikaona miti imejipanga kwenye ubao kama wanafunzi wa darasa la kwanza, matawi yamevikwa waya wangu, imeinama kila mmoja upande wake. Ukasema yule mhandisi Mjapani uliyemlimia bustani zamani, kule kwenye mgodi wa mpakani, aliiita bonsai. Watu wa kambi yetu ya kampuni ya mgodi waliiita batoto ba miti. Mi niliiita ujinga, na kesho yake nikarudi.

Miaka minne nilirudi. Ulinifundisha kukata mzizi bila kuua mti, na kufunga waya bila kuukaba. Ulinipa jina pia. Kwa sababu baiskeli haitoki mikononi mwangu kama rimu haijang'aa mpaka mwenyewe aone meno yake, na kwa sababu wazazi wangu walitoka Kasai, ulikuwa unasema, "Nyie bantu ba Kasai munapenda kitu yote iangaze. Siku moya utapaka mbuzi sabuni." Ukaniita Bwana Sabuni. Nilijisifu nalo jina hilo. Laiti nilichokipaka kingekuwa mbuzi, Tata.

Ulipokufa, mwezi wa pili, mvua ilikuwa inanyesha mpaka shimo likajaa maji kabla yako. Kwenye msiba sikulia. Nililia siku ya tatu, kazini, nikiwa nabandika kiraka. Mteja akaniuliza nikamwambia ni gundi.

Sasa sikiliza.

Baada ya Pasaka, Madamu Odila alikuja sokoni. Yule mkubwa wa chama cha wapenda maua, mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa anakuita Sitwayeni Chinyama, yaani Raia, kwa heshima hata pale alipokuwa hakubaliani nawe. Akasema meza yako kwenye maonyesho, ile ya dirishani, wameiacha kwa jina lako. Mti wako mkubwa ukija, meza ni yako bado. Usipokuja, wapo watu wawili wanaoingojea tangu mwaka juzi, wenye begonia.

Mi nilijibu mbele ya soko zima. Nikasema mti utakuja, na dalia za watu, yale maua makubwa, zitaomba ruhusa kutoka nje. Hivyo ndivyo nilivyosema. Hakuna aliyeniuliza, lakini ndivyo nilivyosema.

Mti wako mkubwa ni upi, kila mtu anajua. Ule muyombo. Mkubwa maana yake ulifika pajani, shina nene kama mkono wa mwashi, tawi moja limenyooshwa pembeni kama mtu anayeelekeza njia. Mwaka jana nilikubebea huo mti mpaka ukumbini. Watu walikuwa wamejaza meza zao mpaka hakuna pa kuweka kidole, wewe ukauweka muyombo wako pembeni kabisa, juu ya kibao chekundu cha mti wa mulombwa, na mbali kule kikopo kimoja cha ua la shaba, lile dogo la zambarau linaloota juu ya vilima vya mawe ya kampuni. Katikati hakuna kitu. Nilikuonea aibu. Nikatoka nikanunua kwa watoto mawe ya kijani, yale mazuri yenye mistari, nikakuwekea matatu katikati. Wewe ukayachukua moja moja ukanirudishia mfukoni. "Acha ile nafasi," ukasema. "Ni ya mupepo." Nikakaa siku nzima na mawe mfukoni kama mwizi.

Basi mwaka huu nilitaka uone kwamba nimeelewa. Jumatatu ya wiki ya maonyesho nilifungua kile kitabu cha picha alichokuachia Mjapani. Siwezi kusoma hata herufi moja, lakini picha ninasoma. Mashina yote ni safi, yanang'aa kama viatu vya askofu. Na shina la muyombo wako lilikuwa na ule mstari mweupe, kutoka chini mpaka kwenye panda ya kwanza, umekauka, umepasukapasuka. Nilikuwa nimekuuliza zamani ni nini. Ukajibu, "Ile ni yake." Mi nikaelewa ni chokaa ya kuzuia mchwa, kama wanavyopaka miti ya barabarani.

Nikachukua mswaki. Nikachukua sabuni ya bluu. Nikachukua maji ya vuguvugu, kwa huruma. Nilisugua asubuhi nzima, Tata, mkeo ametoka, nilisugua kwa upendo, nikiimba. Mpaka kwenye mikunjo ya ganda. Nilipomaliza shina lilikuwa jekundu kidogo, safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, nikauzunguka mti mara tatu nikijipongeza.

Na lile bonge jeupe ulilokuwa unaweka kwenye kopo la maziwa, pamoja na nyaya, mi nilidhani ni chaki. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nalo sokoni. Nilikuwa ninawekea alama matundu ya mipira ya ndani. Linaandika vizuri sana kwenye mpira mweusi.

Nimekwambia ni baya. Bado halijaisha.

Jumanne Mama Kalumbu, mkeo, akaniita. Akasema kampuni wanataka ufunguo wa nyumba Jumamosi saa sita, wameshampa mfanyakazi mwingine, na siku hiyo asubuhi kuna treni ya Kasaji, kwenu. Mpwa wako Muteba atafika Ijumaa kumchukua. Miti kumi ataniachia mi. Muyombo anaondoka nao.

Maonyesho ni Jumapili.

Siku moja tu, Tata. Treni ingechelewa siku moja, kama inavyochelewa kila siku pale ambapo hatuna haraka. Nilisimama pale nikaona meza ya dirishani imejaa begonia, nikaona soko zima linanicheka, na mdomo wangu, unaujua mdomo wangu, ukatangulia. "Mama," nikasema, "ule muti iko mugonjwa."

Nikamwonyesha majani. Yalikuwa yamegeuka manjano, mengine yamelala chini. Ni mwezi wa tano. Muyombo hudondosha majani kila mwaka baridi ikianza, na aliyenifundisha hivyo ni wewe. Nilichukua somo lako nikamdanganyia mkeo.

Aliyatazama majani tu, shina hakuliangalia, akanitazama mi, akauliza siku ngapi. Nikajibu kama daktari, nikakuna kidevu, nikasema wiki moja, usisafirishwe. Halafu akasema, "Basi. Kama Tata mukwe hawezi kupanda treni, na mi sitapanda."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Unajua Mama anavyotania na uso wa kanisani.

Jumatano nikakuta amefungua vifurushi vyake. Masufuria yalikuwa yameshafungwa na kamba, akayafungua ili apashe maji. Maji ya nani? Ya mti. Alhamisi wale watu wapya wa nyumba walikuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia, wakapita juu ya mikeka yake. Alikuwa ameshaomba kwa jirani kona ya kulala kuanzia Jumamosi. Na muyombo alikuwa ameufunika na kikwembe chake kizuri, kitenge kile cha maua makubwa ulichomnunulia ulipopandishwa cheo, ameuzungushia mpaka shingoni kwa sababu ya baridi, kama mtoto mchanga. Nikamwambia Mama, hakuna haja. Akanijibu kwamba wewe ulipokuwa hospitali hakuna aliyekufunika vizuri, yeye alifika asubuhi akakuta blanketi chini.

Siku ile sikula. Sokoni niliendelea kujisifu, lakini kwa sauti ndogo.

Ijumaa mchana Muteba akafika. Mpwa wako sikuwa ninamjua. Mzee mwembamba, kofia ya majani, viatu mkononi kwa sababu vilimbana kwenye treni. Hakuingia ndani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa miti, akavua kofia, akachuchumaa, akapiga makofi polepole, yale ya chini chini ambayo watu wenu wa Kasaji humpigia mkubwa. Mi nikatazama nyuma kuona nani amefika. Hakuna mtu. Alikuwa anausalimia muyombo.

Akaondoa kikwembe. Akatazama shina. Halafu akauliza, bila kugeuka, "Nani alimuosha?"

Hakusema nani aliuosha. Alisema alimuosha. Hapo ndipo miguu yangu ilipoelewa, kichwa kikafuata baadaye.

Muteba alinieleza kama unavyomweleza mgeni, bila kelele. Kwamba baba yako mzazi, mzee Kapenda, alikufa Kasaji mwaka ambao hukupata ruhusa kazini. Kwamba kwenu mtu akifa, yule anayebaki na jina lake hukata tawi la muyombo akalipanda mlangoni, likashika. Na kila mwaka hulipaka pemba, ule udongo mweupe, anataja jina, ili marehemu ajue bado ana watu. Wewe ulikata tawi lako ulipopata ruhusa, ukaenda nalo mgodini. Lakini ungelipanda wapi? Nyumba ni ya kampuni. Leo kambi hii, kesho ile. Mti wa ardhini ungemwacha mzee kwa watu usiowajua. Ukampanda kwenye kopo la mafuta ya mawese. Baadaye ndipo Mjapani alipokuja, akaona kopo, akacheka, akaenda kuleta mkasi.

Kwa hiyo ulimweka baba yako mfupi ili uweze kuhama naye.

Na hukuniambia. Miaka minne, Tata. Ulinieleza mizizi, ulinieleza upepo, hili hukunieleza. Hapa nimekasirika kidogo, niruhusu. Au labda ulijua ningelitangaza soko lote. Ungekuwa na haki. Ningelitangaza.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Mswaki, sabuni, majani ya mwezi wa tano, ugonjwa wa uongo. Hata chaki. Nilisema mti hauna ugonjwa wowote, mgonjwa ni mi. Nilikuwa nimepiga magoti bila kukusudia. Mama Kalumbu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maji ya moto.

"Sabuni gani?" akauliza.

"Ya bluu, Mama."

"Ya bluu." Akaweka sufuria chini. "Bibi yake wa ndoa mwenyewe hakumuosha na ya bluu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti, na kicheko kile kikageuka katikati, ukajua kimegeuka kwa mabega yake, akalia kama hakulia siku ya mazishi. Mi sikujua nikae wapi. Muteba akamwacha alie. Halafu akaniambia nikalete lile bonge.

Nilikimbia mpaka sokoni, sikupanda hata baiskeli, na baiskeli ni zangu. Lilikuwa limebaki kipande kama ukucha wa kidole gumba. Asubuhi ile ile nilikuwa nimelitumia kwenye mpira wa baiskeli ya posta. Nilirudi nimelifumbata mpaka mkono ukawa mweupe.

Muteba alililowesha na maji ya Mama. Akachora mstari, toka chini mpaka kwenye panda, pale pale. Akamwita Kapenda. Akamwambia mambo kwa Kilunda, sikuelewa, ila nilisikia jina langu la Kasai limepita katikati, Tshibangu, na neno sabuni. Halafu akakuita wewe. Chinyama. Alikuita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzie aje kula.

Ndipo nilipolia mbele ya watu. Usiseme gundi.

Kidole chake kilikuwa na masazo ya pemba. Akanivuta mkono akayafuta kwenye kiganja changu, hapa chini ya saa. "Na weye," akasema. Basi. Mzee yule si wa maneno mengi. Ni kama wewe, ila wewe ulikuwa unakoroma.

Jumamosi ilikuwa salongo, siku ya usafi wa lazima. Wilaya nzima iko barabarani na mafagio na majembe, na mi ninasukuma baiskeli katikati yao, mti kwenye kerea umefunikwa kikwembe, Mama na Muteba nyuma na vifurushi. Shefu wa mtaa akanisimamisha, akauliza kwa nini sitwayeni mzima kama mi hafagii. Nikamjibu ninamsindikiza mkubwa. Akauliza mkubwa yuko wapi. Nikafunua kikwembe kidogo. Alikuwa mtu wa kwenu yule, wa upande wa Dilolo. Aliona ule mstari mweupe, akaweka fagio chini akapisha, na wengine wakapisha kwa sababu yeye amepisha.

Treni ilichelewa kwa saa nne. Nilikaa pale stesheni, kwenye gare, na mti magotini, nikiwaza, mwanaharamu huyu angechelewa siku moja tu. Nikajipiga kwa kuwaza hivyo. Ilipofika nikampandisha mzee Kapenda dirishani, Muteba akampokea kwa mikono miwili. Mama Kalumbu akaniambia nile. Muteba akainama dirishani, kofia imemziba nusu uso. "Mvua ya kwanza, tutamuweka mu udongo," akasema. "Ukuje na ule mukasi yake. Tutakata tawi kwa ajili ya Chinyama. Weye ndiye utakata."

Treni ikaondoka kabla sijajibu. Ni mara ya kwanza mtu anipe nafasi ya kujisifu na mi nikose neno.

Sasa meza.

Jumapili nilifika ukumbini saa kumi alfajiri, na Kuku ya Mvua mkononi. Ndiyo, ule mkuyu wangu nilioung'oa kwenye ufa wa mtaro, uliouita kuku aliyenyeshewa kwa sababu matawi yote yamelala upande mmoja. Sikuwa na mwingine ninaoweza kusema ni wangu tangu mwanzo. Niliuweka katikati. Ukaonekana mdogo, peke yake, ukinidai. Nikaongeza mawe ya kijani, yale yale matatu, nilikuwa nayo bado. Nikaongeza ua la shaba kwenye kopo la sardini. Nikaongeza kitambaa cha kufuma cha mama yangu. Nikaongeza mkasi wako, na picha yako umevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, ukitazama mpiga picha kama amekuibia. Nikarudi nyuma hatua tatu.

Ilikuwa kibanda cha soko, Tata. Ilibaki kuandika bei.

Nikasikia sauti yako, si kwamba ninaota, ni masikio tu yamezoea. "Toa kimoya." Nikatoa kitambaa. "Bado." Nikatoa mawe. Nikatoa mkasi. Picha sikutaka kuitoa. Niliishika muda mrefu. Niliona kwamba watu wote watatazama picha, watasema pole, hakuna atakayetazama mti. Na wewe ulikuwa unataka watu watazame mti. Nikaitia mfukoni, nikabaki na mkuyu na ua.

Nikausogeza mkuyu kushoto, kwenye kibao cha mulombwa, nikaugeuza mpaka yale matawi yake yaliyolala yakawa yanaelekea upande wa pili wa meza. Ua la shaba nikalipeleka mwisho kabisa wa kulia. Nikasogeza tena, upana wa kidole. Tena. Mpaka ikawa kama mkuyu umeegemea kumsikiliza mtu, na ua liko mbali linasubiri wamalize. Katikati palibaki patupu. Nilipima kwa mikono. Ulikuwa upana wa muyombo na chungu chake. Sikuwa nimekusudia hivyo.

Madamu Odila akaja na karatasi yake. Akasema huu si mti walioahidiwa. Nikasema ule umesafiri na familia, kwa kazi yake. Akatazama. Akainamisha kichwa upande, akavua miwani, akavaa. Akauliza, "Na hapa katikati utaweka nini?"

"Pamejaa, Madamu," nikasema.

Mi nilifikiri atanifukuza. Mikono nikaificha nyuma, halafu nikaitoa kwa sababu ya ule udongo mweupe wa kiganjani, sikutaka nionekane ninauficha. Alichomoa kalamu. Halafu akauliza aandike jina gani kwenye kadi. Nikasema lako juu, langu chini, herufi zangu ziwe ndogo. Alishangaa. Na mi pia.

Sikushinda. Ninakuambia mapema usije ukangojea. Kikombe kimechukuliwa na dalia za mke wa mhasibu, kubwa kama sahani, na hazikuomba ruhusa kutoka nje. Bibi mmoja aliuliza kama mti wangu unaumwa. Watoto waliucheka, na walikuwa na haki, ni kuku. Lakini palikuwa na mzee mmoja, fundi wa reli, aliyesimama mbele ya meza tangu tulipofungua mpaka soda zilipokwisha. Nilimwuliza anatazama nini. Akasema hajui, anapumzika tu.

Jioni tukipakia vyungu, Madamu Odila aliniletea karatasi ya mwaka ujao. Meza ya dirishani. Ameshaandika mwenyewe majina yote mawili. Begonia watangojea tena.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Miti kumi iko kwetu sasa, mama yangu analalamika kwamba haina matunda wala kivuli. Kiti hiki cha kamba Mama Kalumbu aliniachia, kwa hiyo nimekikalia kihalali. Kitabu cha picha nimekifunga. Kiganja changu nimekiosha leo asubuhi kwa sababu ya gundi, nilijitahidi siku tisa, na mtu wa sabuni siku tisa ni nyingi, unajua.

Sokoni wameniuliza maonyesho yalikwendaje. Nimewaambia tumefanya vizuri. Wakauliza tumefanya nani na nani. Nikaendelea kubandika kiraka.

Lala vizuri, Tata yangu. Wasalimie huko, na kama umekutana na mzee Kapenda, mwombe radhi kwa niaba yangu, mwambie nilitumia maji ya vuguvugu. Mvua ya kwanza ikinyesha nitapanda treni ya Kasaji na mkasi wako umefungwa kwenye kitambaa. Nitakata tawi moja, lile zuri, nitakupanda ardhini kando ya baba yako, mbele ya mlango ambao hakuna atakayedai ufunguo wake. Halafu mkasi nitaufunga. Wewe sitakukata, sitakufunga waya, urefuke unavyotaka, mpaka nishindwe kukuona kichwa.

Na sabuni nitaiacha Kolwezi.

Tshibangu wako